Diski ya Makadara

Usiniulize mwisho wake.
Ile diski ya kukodi, shilingi thelathini kwa usiku,
ilikuwa na mkwaruzo mrefu kama njia ya konokono,
na kila tulipofika pale msichana wa nywele za dhahabu
anapopandishwa jukwaani avikwe taji,
midomo ilisita, macho yakageuka vijisanduku vya rangi,
kisha kioo kizima kikaganda kama samli ya Julai.

Tulikuwa kidato cha pili. Kila Ijumaa
wasichana kumi na mmoja kwenye mkeka wa Bi Tima, kule Kuze,
nami, kwa kuwa mwalimu alinisifia insha moja ya Kiingereza,
nikasogezwa karibu na televisheni niwe mkalimani.

Asema nini? Asema nini huyo?
Nusu nilikuwa sisikii. Walisemea puani, mbio mbio,
nikajaza mapengo kwa niliyoyaokota jikoni kwetu:
"Asema, ondoka mezani pangu,
mimi si benchi la kinyozi kila apitaye akae."
Wakaangua kicheko. Shekue alicheka mwisho,
maana anayetangulia kucheka huonekana mshamba.

Jumatatu shule ikabadilika.
Hatukuwa na makabati ya chuma ya kuegemea,
tukaegemea bomba la maji.
Hatukuwa na ukumbi wa kulia, tulikuwa na ngazi,
vidato kumi na vinne, vikagawanywa kama mirathi:
cha juu, penye upepo, cha Shekue na wenziwe watatu,
vya kati vya wacheza netiboli na wasoma kasida,
cha chini kabisa, ubavuni mwa choo,
cha Nyevu na kitabu chake cha hesabu.
Na sare ni moja! Sasa utajulikanaje u nani?
Wakabana mitandio kwa pini upande wa kushoto.
Ukibana kulia, ni kama hukuzaliwa.

Mimi nilivaa pini mbili.
Mkalimani hana upande.

Ijumaa ya tatu, diski ile ile,
yule wa miwani, yule wanayemmwagia soda kila mara,
alifumbua mdomo akasema neno moja tu.
Sikulisikia. Nikalitafsiri:
"Asema, leo mwaniruka kama dimbwi,
kesho mtanijia na madaftari niwafundishe aljebra,
nami nitawafundisha, polepole,
na hiyo ndiyo itakayokuwa adhabu yenu."

Mkeka ukanyamaza.
Nyevu alikuwa mlangoni, viatu mkononi,
hajui kama amekaribishwa au amevumiliwa.
Akaviweka chini. Akakaa.
Shekue akanigeukia: "Yote hayo? Kwa neno moja?"
Nikamwambia, Kiingereza ni lugha ya mkato.

Usidhani palitokea muujiza. Jumatatu pini zilikuwa kushoto vilevile,
na mtu alimwaga maji kidato cha chini, makusudi.
Ila wiki ya mtihani nilimwona Shekue akishuka,
midomo ikihesabu, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu,
akajifunika pua kwa ncha ya mtandio, akaketi,
akauliza, "Hii eksi, hasa, yatoka wapi?"
Nyevu akamweleza. Polepole.

Juzi, kwenye kupamba, ukumbi wa Tononoka,
viti vya mbele vya ukoo wa bibi arusi, vya nyuma vyetu,
marashi yamekaba hewa,
sauti ikapasua juu ya vigelegele: "Wee mkalimani!"
Shekue, mwili umejaa, binti ubavuni, kidato cha pili.
"Hebu niambie leo. Lile taji alivikwa?"
Nilikuwa na sambusa mdomoni, Mungu kanisitiri.
Nikatikisa kichwa namna ambayo kila mtu
angeielewa atakavyo.

Siku hizi filamu nzima imo simuni mwangu,
safi, haina mkwaruzo, maneno yote yameandikwa chini.
Sijaifungua.
Taji halinishughulishi.
Naogopa yule wa miwani,
nitakuta alisema tu, "Samahani."